Geji za injini zinaruka ukibonyeza redio: uanzie antena, ethi, waya, feraiti au kapasita?

Rubani anabonyeza swichi ya kuongelea, anataja jina la ndege, na papo hapo geji ya joto la moshi wa ekzosi inapaa mamia ya nyuzi au inaporomoka hadi sifuri. Presha ya oili nayo inatikisika, taa ya tahadhari inawaka. Akiachia swichi, kila kitu kinarudi mahali pake. Injini haina tatizo lolote. Tatizo ni redio kuingia mahali pasipo pake.

Wengi hukimbilia kubadilisha geji au sensa, na mara nyingi hiyo ni fedha iliyotupwa. Geji ya kisasa hupima volti ndogo mno. Themokapo ya aina ya K, yaani sensa ya joto ya waya za aloi mbili, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo milivolti moja tu ya uongo inasogeza usomaji kwa nyuzi 24 hivi. Upande wa pili kuna redio inayorusha wati 5 hadi 10 kwenye masafa ya megahezi 118 hadi 137, na antena iliyo mita moja au mbili tu kutoka kwenye nyaya. Urefu wa wimbi katikati ya masafa hayo ni karibu mita 2.4, na robo yake ni sentimita 59. Waya wa sensa unaotoka kwenye silinda hadi kwenye dashibodi una mita moja na nusu au mbili. Huo tayari ni antena nzuri, hata kama hakuna aliyekusudia uwe hivyo. Wimbi likifika kwenye kikuza mawimbi ndani ya geji, vipande vya semikonda hulipindua kuwa volti ya moja kwa moja, na geji haiwezi kuitofautisha na joto halisi.

Tiba zinazotajwa kila mara ni tano: kurekebisha antena na kebo yake, kunyoosha ethi (njia ambayo umeme hurudi kupitia bodi ya ndege), kuweka waya wenye wavu (ganda la nyuzi za chuma juu yake) au kuubadilishia njia, kufunga feraiti (kipande cha kauri ya sumaku kinachovikwa juu ya waya), na kuweka kapasita (kipande kinachopitisha wimbi la redio na kuzuia volti ya moja kwa moja) kwenye mlango wa geji. Zote hufanya kazi, ila haziponyi ugonjwa mmoja.

Vigezo vya kulinganisha

Kila tiba hapa chini tunaiuliza maswali yale yale manne. Inaziba njia gani ya mwingilio? Kazi yake ni kubwa kiasi gani, na inaongeza uzito? Inakosewa wapi? Na inamfaa nani? Kwa ndege yenye cheti kuna swali la tano linalotangulia yote: je, badiliko hili linaruhusiwa na nyaraka za ndege na za geji, na fundi mwenye leseni atalitia saini? Mwenye ndege aliyoijenga mwenyewe ana uhuru zaidi, lakini kanuni za umeme ni zile zile.

Kwanza jua wimbi linapita wapi

Nusu saa ya majaribio itakuokolea wiki ya kubahatisha. Zima injini, washa geji na redio. Silinda zikiwa baridi, geji zote za joto zinapaswa kusoma joto la hewa, kwa hiyo uongo wowote utaonekana wazi.

Bonyeza swichi kwa sekunde mbili au tatu kwenye masafa matatu: moja karibu na 118, moja katikati, moja karibu na 136. Tumia masafa unayoruhusiwa kufanyia majaribio na yasiyo na mtu, na usiguse 121.5 kabisa, hayo ni ya dharura. Andika geji ipi imesogea, na kwa kiasi gani. Kama ukubwa wa kuruka unabadilika sana kutoka masafa hadi masafa, wimbi linaingia kwa njia ya hewa au juu ya kebo. Kama ni ule ule kila mahali, shuku ethi.

Kisha chomoa kebo ya antena nyuma ya redio na ufunge mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, unaohimili nguvu ya redio yako. Usibonyeze redio ikiwa haina antena wala mzigo, maana transista za mwisho zinaweza kuungua. Geji zikitulia kwa mzigo bandia, chanzo ni antena au kebo yake. Zikiendelea kuruka, wimbi halipiti hewani: ni umeme au ethi, au redio yenyewe inavujisha kupitia waya wake wa umeme.

Jaribio la tatu halihitaji redio hata kidogo. Washa taa ya kutua ndege. Taa ya wati 100 kwenye mfumo wa volti 14 inavuta takriban ampea 7. Geji ikisogea kwa taa pia, umeshapata jibu: hilo ni suala la ethi, na feraiti hata ndoo nzima haitasaidia.

Ukipima volti wakati redio inarusha, fanya hivyo na mzigo bandia ukiwa umefungwa. Mita ya kidijitali nayo ina kikuza ndani yake, na inadanganywa na wimbi kama geji inavyodanganywa.

Antena na kebo yake

*Inaziba njia gani.* Hii hupunguza wimbi lenyewe pale linapozaliwa. Antena ya robo wimbi inahitaji bati chini yake, lenye upana wa angalau sentimita 60 kila upande, ili mkondo urudi. Bati likikosekana, au rangi na kutu vikitenganisha kitako cha antena na bodi, mkondo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ganda la nje la kebo. Hapo kebo yote, kuanzia antena hadi nyuma ya dashibodi, inakuwa antena ya pili ikipita bega kwa bega na nyaya za geji. Ndege za faibaglasi zinateseka zaidi kwa hili, kwa sababu bodi yake haipitishi umeme.

*Kazi yake.* Kwenye ndege ya bati: fungua antena, kwangua hadi bati ing'ae chini ya kitako na kwenye skrubu, funga tena, ziba maji yasiingie. Kwenye faibaglasi: bandika vipande vya utepe wa shaba kama miali, angalau vinne vya sentimita 60, vikutane kwenye kitako cha antena; au tumia antena ya mikono miwili ambayo haihitaji bati. Kebo ya RG-58 ya miaka mingi badilisha kwa RG-400, yenye wavu mbili zilizopakwa fedha. Angalia konekta za BNC kwa jicho la karibu: unyuzi mmoja wa wavu uliochomoza, au ganda lililobanwa kwa koleo badala ya kifaa chake, unatosha kuleta vurugu. Tikisa konekta huku mwenzako akibonyeza redio, na msikilize na kutazama.

*Inapokosewa.* Kosa kubwa ni kuamini peke yake mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudishwa na antena. SWR ya 3 kwa 1 inarudisha asilimia 25 ya nguvu, na hiyo inafaa kurekebishwa. Lakini SWR nzuri haimaanishi kwamba ganda la kebo ni kimya. Kebo inayojifanya bati la antena inaweza kuonyesha SWR ya 1.5 huku ikimwaga wimbi kila kona ya chumba cha rubani.

*Inamfaa nani.* Mwenye ndege ya faibaglasi au mbao, na yeyote ambaye geji zake zilitulia alipofunga mzigo bandia. Faida yake ya pembeni ni kubwa: redio yenyewe itasikika mbali zaidi.

Ethi na njia ya umeme

*Inaziba njia gani.* Hapa wimbi la redio halina hatia. Redio inaporusha inavuta ampea kadhaa, tuseme 4. Kama geji na redio zinagawana waya mmoja wa ethi wenye ukinzani wa omu 0.05, ethi ya geji inapanda volti 0.2 juu ya bodi ya injini. Sensa ya presha inayotoa volti 0.5 hadi 4.5 kwa psi 0 hadi 100 ina milivolti 40 kwa kila psi. Volti 0.2 hapo ni psi 5 za uongo. Kwa themokapo iliyogusana na silinda, huenda usomaji ukapotea kabisa.

*Kazi yake.* Ndogo. Ipe geji waya wake wa ethi unaoenda moja kwa moja kwenye kitovu kimoja cha ethi, na redio wake. Safisha pande zote mbili za mkanda unaounganisha injini na bodi, weka washa zenye meno, kaza. Kisha pima kati ya bloku ya injini na ethi ya geji huku vyombo vyote vikivuta umeme: lenga chini ya volti 0.05.

*Inapokosewa.* Watu hupima ukinzani kwa mita ya kawaida, inasoma omu 0.1, wanaridhika. Mita hiyo haiwezi kuona milioomu, na waya zake za kupimia zina ukinzani mkubwa kuliko ule unaoutafuta. Pima kushuka kwa volti chini ya mzigo. Jambo la pili: kwa injini iliyozimwa utaona kasoro ya ethi ya dashibodi tu. Ya mkanda wa injini hujitokeza altaneta inapofanya kazi, kwa sababu mkondo wake ndio unaorudi kupitia bloku.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kwa kweli, kama hatua ya kwanza. Na hasa yule ambaye geji zake zilisogea kwa taa ya kutua ndege.

Waya wenye wavu, na njia mpya ya waya

*Inaziba njia gani.* Inazuia waya wa sensa kunasa wimbi la hewani. Waya mbili zilizosokotwa pamoja, msokoto mmoja kila sentimita 2 au 3, hunasa kidogo kwa sababu kila upande unafuta kosa la mwenzake. Wavu juu yake unaongeza kinga.

*Kazi yake.* Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye ndege iliyokamilika inamaanisha kuvuta nyaya upya kupitia ukuta wa moto (unaotenga injini na chumba cha rubani), na kuuziba tena kwa dawa inayostahili ukuta wa moto. Kubadilisha njia tu ni rahisi zaidi: weka nyaya za sensa angalau sentimita 15 kutoka kwenye kebo ya antena, na zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

*Inapokosewa.* Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu waya wenye wavu uliofungwa vibaya unaweza kuwa mbaya kuliko waya mtupu. Fundi anafumua wavu, anausokota kuwa mkia wa sentimita 5, anaufunga kwenye skrubu ya ethi. Kwa umeme wa kawaida ni sawa kabisa. Kwa megahezi 127, mkia huo una takriban nanohenri 50, ambazo ni karibu omu 40. Wavu uliotakiwa kumwaga wimbi kwenye ethi sasa umesimama nyuma ya omu 40, na unalirudisha kwenye waya uliokuwa unaulinda. Wavu unatakiwa kubanwa duara zima kwenye ganda la konekta.

Ushauri wa zamani wa kufunga wavu upande mmoja tu ulizaliwa kwa ajili ya mngurumo wa masafa ya chini. Wavu wa mita mbili uliofungwa upande mmoja ni mrefu kuliko robo wimbi, na unaweza kupiga kelele wenyewe. Ufunge pande zote mbili. Ukihofia mzunguko wa ethi, upande wa injini upitishe kwenye kapasita ya nanofaradi 1 hadi 10.

Na waya wa themokapo usiunganishwe katikati ya safari na waya wa shaba unaoendelea hadi kwenye geji. Kiungo kikiwa kwenye chumba cha injini chenye nyuzi 60 na geji iko kwenye nyuzi 20, usomaji utapungua kwa nyuzi kama 40, na hakuna atakayejua kwa nini. Tumia waya na pini za aloi ile ile.

*Inamfaa nani.* Anayejenga ndege na bado hajafunga dashibodi. Pia anayefanya matengenezo makubwa ambapo nyaya zitatolewa hata hivyo. Kwa ndege inayoruka vizuri, iache iwe ya mwisho.

Feraiti

*Inaziba njia gani.* Wimbi linalosafiri juu ya waya, liwe juu ya ganda la kebo ya antena au juu ya fungu la nyaya za sensa. Feraiti huligeuza kuwa joto dogo sana lisiloonekana, huku umeme wa sensa ukipita bila kuguswa.

*Kazi yake.* Dakika chache, na inaweza kuondolewa bila alama. Uzito ni makumi ya gramu kwa kila moja. Chagua mchanganyiko namba 31 au 43, inayofanya kazi vizuri kwenye masafa ya redio ya ndege. Namba 61 imelengwa zaidi kwa megahezi 200 kwenda juu. Pitisha fungu zima, waya wa kwenda na wa kurudi pamoja. Ukizungusha fungu mara mbili ndani ya feraiti, kinga inaongezeka kwa karibu mara nne. Mizunguko mingi zaidi ya hapo huleta faida ndogo kwenye masafa haya.

*Inapokosewa.* Nafasi ndogo ya hewa kati ya nusu mbili za feraiti inaua nguvu yake, kwa hiyo lazima ifunge hadi ilie. Mahali nako kuna maana: feraiti inafanya kazi pale mkondo ulipo mkubwa, na umbali kati ya mahali pa mkondo mkubwa na mdogo ni robo wimbi. Ukiifunga mahali pabaya utasema haifai. Isogeze sentimita 15 baada ya nyingine huku ukijaribu. Kwa fungu la sensa, anza karibu kabisa na geji. Kwa kebo ya antena, anza kwenye kitako cha antena.

Joto nalo ni adui: mchanganyiko wa 31 na 43 hupoteza usumaku wake joto likizidi kiasi cha nyuzi 130, kwa hiyo jirani ya ekzosi si mahali pake. Ni kitu kizito na chenye kuvunjika, ndani ya mashine inayotetemeka. Ifunge kwa vibanio, ifunike kwa mpira unaosinyaa, na uhakikishe haiwezi kudondoka kwenye waya za usukani au pedali.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujaribu kabla ya kukata chochote, na mwenye ndege ambayo geji moja au mbili tu ndizo zinazosumbua. Ni kipimo kizuri pia: feraiti kwenye kebo ya antena ikituliza geji zote kwa mpigo, umeshajua kwamba ganda la kebo lina mkondo, na antena ndiyo ya kushughulikia.

Kapasita kwenye mlango wa geji

*Inaziba njia gani.* Mlango wa mwisho. Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 1 kati ya kila waya wa ishara na ethi ya geji inaonekana kama omu 1.25 kwa megahezi 127, lakini kwa volti ya themokapo ni kama haipo.

*Kazi yake.* Sehemu zenyewe hazina thamani kubwa. Usahihi ndio unaotakiwa. Miguu ya kapasita yenye jumla ya milimita 10 inaongeza karibu nanohenri 10, yaani omu 8, na kazi nzuri inaharibika mkononi mwako. Ilehemu ndani ya ganda la konekta, miguu ikatwe hadi ibaki milimita chache tu. Kwa themokapo weka moja kati ya chanya na hasi, na moja kutoka kila upande kwenda kwenye ethi, zenye thamani sawa.

*Inapokosewa.* Kutumia kapasita kubwa kwa kudhani kubwa ni bora. Kwenye sensa ya mtiririko wa mafuta, inayotoa pulsi mia mbili hivi kwa sekunde, kapasita ya mikrofaradi 0.1 pamoja na kizuizi cha kiloomu 10 inazungusha kona za pulsi, na hesabu ya mafuta inaanza kudanganya. Hilo ni hatari kuliko geji inayoruka, maana halionekani. Kwa nanofaradi 1 pulsi zinapita salama.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkono mzuri wa kulehemu na ndege ambayo sheria zinamruhusu. Kwa geji yenye cheti, mwulize mtengenezaji kwanza. Wapo wenye kichujio chao kilichoidhinishwa.

Kwa hali yako

Geji zote zikisogea kwa pamoja na kwa kiasi kile kile kwenye kila masafa, ni ethi. Usinunue kitu.

Za joto pekee zikiruka, presha na mafuta zikiwa tulivu, themokapo ndizo zinazonasa. Feraiti kwenye fungu lake karibu na geji, kisha kapasita.

Ndege ya faibaglasi, kuruka kukiwa kukubwa kwenye masafa fulani tu: antena na bati lake, na feraiti tatu au nne mfululizo kwenye kebo chini ya antena wakati unapanga kazi kubwa.

Ndege ya bati iliyokuwa tulivu miaka yote, ikaanza ghafla: kuna kitu kimelegea au kimeota kutu. Anza na konekta za BNC, kitako cha antena na mkanda wa injini. Usiongeze kichujio juu ya kasoro mpya. Itaendelea kukua chini yake.

Geji mpya imefungwa wiki iliyopita na ya zamani haikuwahi kuruka: fuata njia ya nyaya zake mpya hadi uone zinapolala pamoja na kebo ya antena. Mara nyingi zipo, zimefungwa kwa kibanio kimoja.

Na kama ndege inaruka wakati bado unasubiri kazi: soma geji baada ya kuachia swichi, kamwe si wakati unaongea. Tahadhari inayobaki sekunde chache baada ya kuachia ichukulie kuwa ya kweli. Kama otopailoti au trimu ya umeme nayo inatikisika unapobonyeza, izime na uivutie fyuzi yake kabla ya kuruka tena.